Matawi ya mbuni kwa kizimba cha nyoka: kuchagua, kusafisha, kukausha na kufunga

Kahawa ikishavunwa, Januari na Februari, mashamba ya Kibosho, Uru na Machame hujaa malundo ya matawi ya mibuni. Wengine wanapogoa, wengine wanakata mashina yaliyochoka ili yachipue upya, na malundo yote yanangoja kwenda jikoni. Mimi hupanda Kosta kutoka Arusha, nikifika Moshi naunganisha haisi ya Kibosho, nawahi kuchagua kabla shoka halijapita. Kwa mtu anayetunza nyoka huku kaskazini, sijaona mti wa kuushinda mbuni. Ni mgumu, hauna harufu kali, una panda na mafundo kila mahali, na gome lake limeshika. Ulaya na Marekani matawi yake huuzwa kwa bei ya kukausha mate, kwa ajili ya kasuku. Kwetu yanapikia maharage.

Kazi yangu ni kutunza nyoka kwenye eneo dogo la maonyesho kandokando ya barabara ya Dodoma, nje kidogo ya Arusha. Kabla ya hapo nilikuwa seremala, kwa hiyo nitakuwa mkali kwenye skrubu kuliko kwenye sabuni. Watu wakija kuniuliza habari za matawi, karibu wote huanza na swali la dawa ya kuulia vijidudu. Sawa, tutafika huko. Lakini balaa nililowahi kuliona lilitoka kwenye miti isiyojulikana na matawi yaliyofungwa ovyo, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kabla ya yote, sheria. Nyoka wa porini haokotwi akawekwa nyumbani. Kibali kinatakiwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na watu wa kuwaona ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Tawi nalo lina mwenyewe: la shambani omba kwa mwenye shamba, na la msitu wa hifadhi liache lilipo, hata kama limeanguka lenyewe.

Jina la mti kwanza

Kanuni yangu ni fupi: mti usioweza kuutaja kwa jina, usiukate. Jina la Kichaga linatosha, la Kimaasai linatosha, ili mradi kuna mtu mzima anayeujua mti huo na tabia zake.

Nilijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza kazini kijana mmoja aliniletea tawi kutoka vilima vya upande wa Monduli, limepinda vizuri, majani yake mazito yanang'aa. Nilikuwa nimeshaanza kulipiga msasa pale uani mlinzi wetu, mzee wa Kimaasai, alipopita. Akasimama. Akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Nimeletewa, mzee. Zuri, eh?"

"Weka chini. Nenda kanawe, mpaka kwenye viwiko. Huo ni olmorijoi."

Olmorijoi ndio ule mti ambao Waswahili wengine huuita msunguti. Gome, mizizi na mbao zake huchemshwa mpaka zinakuwa lami nyeusi ya kupaka kwenye mishale, na sumu hiyo hushika moyo. Mimi nilikuwa navuta vumbi lake puani. Tangu siku ile tawi lolote linaloletwa kwangu lazima lije na majani yake, na kama kuna ua au tunda, nalo lije.

Ukikwama kabisa, Arusha tuna bahati ambayo mikoa mingine haina: hazina ya taifa ya sampuli za mimea iliyokaushwa iko hapa hapa Ngaramtoni, kwenye taasisi ya viuatilifu iliyokuwa ikiitwa TPRI na sasa TPHPA. Bana kitawi chenye majani katikati ya magazeti, nenda nacho ukaulize.

Mbali na mbuni, miti ninayoitumia bila wasiwasi ni mpera, mforosadi na migunga iliyoondolewa miiba yote. Mpera hasa naupenda kwa nyoka wembamba: gome lake ni laini, linajimenya lenyewe, na kuni yake ni ngumu kama mfupa. Mwembe nautumia pale tu umekauka hadi ndani, kwa sababu utomvu wake mbichi unawasha hata ngozi ya mtu.

Sasa ile ya kukwepa. Miti ya krismasi inayokatwa kuwa uzio Arusha nzima, misonobari, na mwangati wenye mbao nyekundu za kunukia: yote hiyo ina mafuta na utomvu wenye mvuke unaoumiza mapafu ya nyoka. Nyoka anaishi ndani ya sanduku, hana dirisha la kwenda kuvuta hewa. Mkaratusi na mkafuri ni hadithi ileile, pua yako itakuambia. Mgrivelia, huo uliojaa kila shamba la kahawa kama kivuli, vumbi lake huwapa mafundi vipele vya ngozi, na mimi mwenyewe nimewahi kuvipata mikononi, kwa hiyo simpi nyoka. Mparachichi una sumu inayoua ndege na kuwaumiza mbuzi. Sijaona sababu ya kujaribu kwa nyoka wakati mpera uko pembeni. Mnyaa wenye maziwa meupe, mbono, mbarika, oleanda za bustanini na lile ua refu la tarumbeta linaloning'inia kwenye nyumba za mlimani, usiguse hata kimoja.

Masale sina haja ya kuyataja kwa wenyeji wa Kilimanjaro. Mgeni anayesoma hii ajue tu kwamba majani yale marefu kwenye mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, yana kazi nzito ya kuombeana msamaha, na ukionekana unayakata kwa ajili ya nyoka utakuwa na kesi mbili.

Mti ukishajulikana, bado kuna swali la dawa uliyopuliziwa. Kahawa inapigwa dawa, hasa zile za shaba, mrututu na ndugu zake, kwa ajili ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani. Ukiona gome lina utando wa kibuluu, acha. Mimi humuuliza mwenye shamba kwanza amepanda aina gani. TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, imetoa aina zinazostahimili chulebuni na kutu, na wenye mibuni hiyo hawana sababu ya kupiga shaba kila mara. Pia natafuta shina la zamani lililong'olewa kupisha miche mipya, ambalo limekaa juani na mvuani msimu mzima bila kuguswa na bomba la dawa. Matawi ya kando ya barabara kuu siyataki, na ya karibu na gereji ndiyo kabisa.

Unene, urefu na mlio

Unene wa tawi usipungue unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Nyoka wa nyumbani, yule wa kahawia mla panya, anatosheka na tawi la unene wa kidole gumba. Yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa anataka tawi kama kifundo cha mkono, ikiwezekana lenye panda ya kulaza mwili. Chatu wetu wa hapa anaweza kupita mita nne akikua, kwa hiyo zungumza habari ya gogo. Ukiweza, changanya: tawi moja nene la kulalia, mengine mawili membamba ya kupitia.

Gonga tawi kwa mpini wa kisu. Likilia "ko! ko!" ni zima. Likitoa mlio wa mkate, limeoza ndani, na hilo litavunjika siku usiyoitarajia. Bonyeza kucha kwenye sehemu iliyokatwa: kama inazama, tupa. Tazama pia vitundu vidogo vyenye unga mwembamba kama wa sembe. Hao ni fukusi, na bado wako kazini.

Kata kwa msumeno. Panga linapasua nyuzi, na ufa ukishaanza unakufuata hadi katikati. Acha sentimita kumi za ziada kila upande, utaona baadaye kwa nini.

Kuparua na kusugua

Ondoa majani, vitawi vilivyokauka, miiba, kuvumwani na zile ndevu za kijivu ambazo miti ya mlimani hufuga. Gome lililolegea litoke lote. Lililoshika liache, kwa kuwa nyoka akitaka kujivua gamba huanza kwa kusugua pua kwenye kitu chenye mikwaruzo, na kupanda juu ya tawi lililomenywa likawa laini kama mpini wa jembe ni shida kwake.

Fanya kazi hii nje, uvae viatu. Chini ya gome la mgunga nimeshakutana na nge aliyekuwa ametulia zake, na tulishtuka wote wawili.

Halafu sugua kwa brashi ya kufulia na maji ya moto. Sabuni sitii. Ukiona lazima, tone moja la sabuni ya vyombo kwenye ndoo nzima, kisha suuza mpaka uchoke. Kazi ya brashi ni kuondoa udongo, vinyesi vya ndege na ukungu wa juujuu. Usipofanya hivyo, hatua inayofuata ni kupika uchafu.

Kuua kilichobaki

Njia ninayoiamini ni kuchemsha. Tawi lisilozidi mita moja linaenea kwenye nusu pipa. Maji yakishatokota, hesabu saa nzima. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanatokota karibu nyuzi 95, si 100. Moshi mjini, palipo chini zaidi, ni kama 97. Tofauti hiyo haiwaokoi utitiri, mayai ya wadudu wala ukungu, ila ndiyo sababu siishii kwenye dakika 20 kama wanavyoshauri watu wa pwani. Geuza tawi katikati ya safari, maana upande unaoelea juu haupikiki. Jiwe safi juu yake linasaidia.

Pipa langu la kwanza liliniletea kesi. Nilikuwa nimelala Kibosho kwa bibi, na pipa lililokuwepo pale ni lile la kupikia ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi. Nikaona pipa ni pipa. Nikawasha moto, nikatumbukiza matawi yangu matatu ya mbuni, bibi akatoka jikoni.

"We mtoto, unapika nini humo?"

"Matawi, bibi. Ya nyoka."

Kimya. Akachungulia, mvuke ukampiga usoni, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wazee wanakuja Jumapili kwenye pipa hili. Wanywe maji ya kuogea joka?"

Nikamweleza kwamba nyoka mwenyewe hajayagusa, yuko Arusha. Haikusaidia. Nilisugua pipa lile mara tatu kwa mchanga na majivu, na Jumapili hakuna mzee aliyejua, ila mpaka leo nikifika bibi hufunga stoo. Tafuta pipa lako. Maji ya mbuni yanatoka kahawia kama chai ya rangi, hilo lisikutishe. Yamwage, weka mapya, rudia hadi yatoke meupe kidogo.

Oveni ni nzuri kwa vipande vikavu: nyuzi 120, dakika 45 hadi saa moja, na wewe uwe papo hapo muda wote. Tawi bichi usiliingize, litatoa moshi na kupasuka. Wapo wanaoomba nafasi kwenye tanuri za mikate jioni. Nilifanya hivyo mara moja, na mikate ya kesho yake ilinuka kuni. Sikuomba tena.

Kwa tawi refu lisiloenea popote, tumia jiki: sehemu moja ya jiki kwa tisa za maji, kwenye karai au kwa kupaka na kitambaa, liache likiwa limelowa kwa dakika 20 au 30. Jiki huishiwa nguvu ikikutana na uchafu, ndiyo maana brashi ilitangulia. Isichanganywe na siki, ndimu wala dawa nyingine ya chooni, kwa maana mvuke wake unaweza kukuangusha. Baada ya hapo suuza, loweka kwenye maji safi usiku kucha, suuza tena, anika. Tawi likikauka litie pua: kama bado unasikia harufu ya bwawa la kuogelea, nyoka ataisikia mara kumi.

Friza inaua wadudu tu, tena uliache humo wiki mbili. Vijidudu vya magonjwa vinalala, vikitoka vinaamka.

Dawa za usafi zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikiguswa na maji zisikaribie kizimba. Nyingi zina fenoli au mafuta ya msonobari, na nyoka hawavistahimili. Na kuna jambo la kwetu mafundi ambalo lazima nilitaje: usikubali tawi lililopakwa oili chafu au dawa ya mchwa. Seremala mwenye nia njema atakupakia bila kukuuliza, akijua anakufanyia hisani.

Kukausha, mahali watu wanapokosa subira

Tawi bichi likiingia kwenye kizimba chenye joto na unyevu huota ukungu. La kwangu la mwembe lilichukua siku tisa. Siku ya kumi lilikuwa na manyoya meupe kama kifaranga, na chatu alikuwa amejibana pembe ya mbali kabisa.

Usilianike juani moja kwa moja likiwa limetoka kwenye pipa. Vichwa vyake vitakauka kabla ya tumbo, na mpasuko utaanzia hapo. Yeyushia nta ya mshumaa kwenye vichwa viwili, liweke kivulini penye upepo juu ya matofali kwa wiki mbili tatu, ndipo ulipandishe juu ya bati. Mwishoni unakata zile sentimita kumi ulizoacha, pamoja na nyufa zake na nta yake.

Hapa ndipo ile Januari inapolipa. Kiangazi cha Januari na Februari jua la Arusha linafanya kazi bila kuchoka. Tawi lililokatwa Aprili katikati ya masika, au Juni na Julai mawingu ya Meru yanapotukalia kichwani siku nzima, litakaa stoo likinuka.

Utajuaje limekauka? Lipime. Mimi hulipeleka kwa muuza duka jirani, mwenye mizani ya unga, na naandika uzito kwenye gome kwa chaki. Tawi moja la mpera, unene wa kifundo cha mkono, urefu wa mita, lilianza na kilo 2.6. Wiki ya nne lilikuwa 2.1, wiki ya nane 1.8, wiki ya kumi 1.8. Uzito ukigoma kushuka wiki mbili mfululizo, maji yameisha. Tawi la unene wa kidole gumba linaweza kumaliza ndani ya mwezi. Muuza duka alinizoea. Siku hizi ananiuliza "mgonjwa wako anaendeleaje?" huku ananipimia.

Soksi na karatasi nyeupe

Piga msasa namba 80 pale tu ulipokata vitawi na kwenye vichwa, umalizie na namba 120. Gome liache na ukali wake. Kisha chukua soksi ya nailoni, zile nyembamba za akina mama, uivae mkononi na uipitishe kwenye tawi zima, kwenda na kurudi. Inaponasa ndipo penye kibanzi. Jicho halikioni, lakini magamba ya tumbo yatakiona, na jeraha dogo la tumbo kwa nyoka huchukua muda kupona. Rudia mpaka soksi ipite bila kushikwa.

Varnishi sipaki. Zikishakauka kabisa kuna zinazokubalika, lakini chini ya taa ya joto harufu yake hurudi, na tawi la mbuni halihitaji kung'arishwa.

Mtihani wa mwisho kabla ya kuingia: tandika karatasi nyeupe ndani ya boksi, weka tawi juu yake, funga, liache wiki nzima mahali penye joto. Fungua na uangalie karatasi. Unga mwembamba maana yake fukusi wamepona. Nukta nyeusi zinazotembea maana yake rudi kwenye pipa. Karatasi ikiwa safi, umefuzu.

Kulifunga

Sasa nakuja kwenye ule usiku. Ilikuwa kama saa nane. Nyumba ya walinzi iko mita chache kutoka chumba cha nyoka, na sote tulisikia kishindo, halafu kioo. Nilikimbia na tochi. Tawi la mgunga la kilo tano hivi, ambalo nililiegemeza kona kwa kona na kuliona limekaa kama mlima, lilikuwa limeteleza chini chatu alipolizunguka. Lilipasua kioo cha mbele na kumbana katikati ya mwili. Alipona, ila kwa wiki sita hakula, na kila nilipofungua mlango alinifokea. Tawi lile nililiweka mimi mwenyewe, seremala wa miaka mingi, na sikutia skrubu hata moja kwa sababu "limekaa vizuri."

Kwa hiyo tawi halikai vizuri mpaka limefungwa. Kwenye kizimba cha ubao, toboa tundu la drili kutoka nje ya ukuta, toboa jingine jembamba kuliko skrubu kwenye kichwa cha tawi, kisha kaza skrubu iingie angalau sentimita nne ndani ya kuni, na washa pana upande wa nje. Kila mwisho skrubu mbili. Moja inaruhusu tawi kuzunguka kama mshikaki, na nyoka hana mikono ya kujishikilia likigeuka. Ukiruka tundu la mwanzo, kuni ngumu ya mbuni itapasuka, na miezi yako miwili imekwisha.

Kwenye tenki la kioo hakuna pa kupigilia. Hapo funga tawi kwenye kibao kipana na kizito kwa skrubu zinazotoka chini, kibao kikae juu ya sakafu ya tenki yenyewe, ndipo umwage matandiko juu yake. Kikikaa juu ya matandiko, nyoka atachimba chini yake na kitamlalia. Tawi lisiegemee kioo.

Seloteipu na gundi ya utepe ya aina yoyote ni marufuku ndani. Nyoka akinasa, hujivuta, na ngozi inabaki kwenye utepe.

Likishafungwa, lijaribu kwa uzito. Ning'iniza mfuko wa mchanga wenye uzito mara tatu ya nyoka, tena katikati, mahali dhaifu kuliko pote. Nyoka wa kilo mbili, mchanga kilo sita. Uache usiku kucha. Asubuhi shika tawi kwa mikono miwili ulitikise kama unayegombana nalo. Skrubu ikilia, kaza upya.

Angalia na urefu wa kuanguka. Wale chatu wazito wafupi wanapanda, lakini wanaanguka kama magunia, kwa hiyo tawi lao nalishusha kiasi kwamba wakidondoka ni kwenye matandiko na si zaidi ya urefu wa goti langu. Wembamba wa mitini wanataka juu kabisa, ila tawi lisiwape ngazi ya kusukuma mfuniko. Nyoka akipata pa kukanyagia, ana nguvu usizozijua.

Taa ya joto iwe ndani ya kikapu cha waya na tawi lisiifikie. Nyoka huzunguka taa na kuungua akiwa ametulia kabisa, na kuni uliyoikausha miezi miwili ni kuni hasa. Kipimajoto kiweke juu ya tawi, pale mgongo wake utakapokaa, maana sakafu inaweza kusoma vizuri huku juu panakaanga. Kwa yule chatu wa Afrika Magharibi sehemu ya kuota joto nataka isome 31 hadi 33. Ikizidi, shusha tawi au punguza taa kabla nyoka hajaingia.

Baada ya hapo

Kinyesi kikidondoka juu ya tawi, kwangua siku hiyohiyo, futa kwa maji ya moto. Mara mbili kwa mwaka mimi hufungua skrubu zote, nasugua, narudisha kwenye pipa au jua. Ukungu mweupe ukitokea, tatizo mara nyingi ni hewa: ongeza matundu kabla ya kulaumu mti.

Utitiri ukionekana, yaani nukta nyeusi kwenye maji ya kunywa au kandokando ya macho ya nyoka, usijaribu kuliokoa tawi. Wanataga kwenye kila ufa. Litoe ndani ya mfuko uliofungwa, lichome siku hiyo, na uanze na jingine. Ndiyo maana kila Februari huwa narudi Arusha na matawi saba au nane, ingawa mabanda yangu yanahitaji matatu. Kondakta wa Kosta ananitoza nafasi ya mtu mmoja kwa ajili yake, na tukifika Usa River huwa ameshaniuliza ni ya nini. Nikimwambia, abiria wa karibu husogea.